Korongo wa Pande Mbili

Mzee wa Bendera alipima kitambaa huku akiimba wimbo wa taifa kwa sauti ya puani, na kila alipofika ubeti wa pili alikosea maneno yale yale. Mkewe, aliyeuza chumvi ya Kabatoro mlangoni pa duka hilo hilo, alimsahihisha kila mara bila kugeuza kichwa. Mzee alishukuru, akaendelea kukosea. Bwera nzima, mji wa mpakani mwa Uganda na Kongo, hapakuwa na mtu aliyeshona bendera nyingi kama yeye, wala aliyeujua wimbo wake vibaya kama yeye.

Mimi ni fundi wa nguo wa Kasese mjini, na sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua. Nilinunua mashati ya mitumba, nikayafungua mshono kwa mshono ili nione yalivyoungwa, halafu nikayaunga tena. Shida ni kwamba kufumua kulinikaa mwilini. Gauni nikilimaliza leo, kesho asubuhi naliona bega limekaa vibaya, nafumua. Mteja akija namwambia arudi keshokutwa. Wapo waliorudi mpaka wakachoka, wakaenda kununua nguo sokoni. Kazi ikiwa mezani ni yangu, naweza kuitengeneza. Ikishatoka mlangoni, inakwenda kuonyesha watu makosa yangu na mimi siko pale kujitetea. Ndivyo nilivyofikiri, na hata sasa nikiwa nimechoka ndivyo ninavyofikiri.

Nilimfuata Mzee kule Bwera mwaka wa jubilei, nchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru na kila shule, kanisa na duka likataka bendera. Kazi ya bendera ilikuwa imeniangukia, nikaiweza milia, nikashindwa na ndege.

Milia ni sita: nyeusi, njano, nyekundu, halafu nyeusi, njano, nyekundu tena. Mtu yeyote mwenye cherehani ataiunga. Lakini katikati kuna duara jeupe, na ndani yake amesimama korongo mwenye taji, mguu mmoja ameuinua, uso ameuelekeza kwenye mlingoti. Bendera za kuchapwa zinazotoka Kampala zina ndege upande mmoja tu, na upande wa pili unamwona kwa kivuli kama mtu aliye nyuma ya pazia. Mzee alizidharau. Yeye alishona makorongo wawili, kila upande wake. Na hapo ndipo mafundi wengi hunaswa, maana ndege anakatwa kwa kufuata kipande cha boksi kilichochongwa umbo lake. Ukishakata wa kwanza lazima uligeuze boksi kabla ya kukata wa pili. Usipoligeuza, wa mbele atautazama mlingoti vizuri, na wa nyuma ataupa mgongo, kama anayetoroka.

Siku ya kwanza nilipofika alikuwa na fungu zima la bendera mezani, limekamilika, pindo zimekazwa, ziko tayari kwa wateja. Nilizigeuza nyuma moja moja. Roho yangu haitulii mpaka nione upande wa nyuma wa kila kitu.

"Mzee," nilimwambia, "wa nyuma wanakimbia."

"Wanakimbia wapi?"

"Wameacha mlingoti. Wote."

Akaichukua moja, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Yeye aliyewacheka mafundi wengine kwa kosa hilo alikuwa amelifanya kwa fungu zima, kwa haraka za jubilei. Mimi ningejifungia ndani. Yeye aliita wenye maduka wa mtaa ule, akawaambia kwamba hizi ni bendera maalumu za kupigilia ukutani.

"Wa nyuma ataangalia matofali," alinieleza walipoondoka nazo. "Kuna ubaya gani? Matofali nayo ni ya Uganda."

Mkewe alicheka mpaka akamwaga chumvi. Mimi niliuliza kama hatungeweza kufumua maduara tukaweka mapya. Mzee akanipa jina ambalo halijanitoka. "Mama," alimwambia mkewe, "huyu mwana anaitwa Fumua."

Nikawa napanda gari kwenda kwake kila siku ya soko, na baada ya muda nikawa na stuli yangu pale dukani.

Alikuwa na historia ya bendera ambayo sijaisikia kwa mwalimu yeyote, maana aliitazama yote kutoka kitini pa cherehani. Alisema kabla ya uhuru ilikuwapo bendera nyingine, ya milia iliyosimama wima, kijani na buluu na kijani, na korongo wa njano katikati. Haikukaa. Uchaguzi ukapita, chama kingine kikashinda, na washindi wakaona rangi zile zinafanana mno na za walioshindwa. Ikachorwa hii ya sasa. Korongo peke yake ndiye aliyeponea, kwa sababu alikuwapo hata enzi za Waingereza na hakuwa wa chama.

Watu wengine wakisimulia habari hiyo huwataja wanasiasa. Mzee aliwaza mafundi. "Fikiria mutu ameshashona zile za kijani," alisema. "Ameweka kwa meza. Mara anaambiwa hapana, sasa ni nyeusi. Huyo ndiye alijua uhuru umefika."

Na milia sita ilimkera. Aliamini aliyeichora hakuwahi kushika sindano maishani. "Nyeusi, njano, nyekundu. Tulikuwa tumeelewa. Weusi ni sisi, njano ni jua, nyekundu ni udugu wa damu. Sasa kwa nini arudie? Alidhani hatukusikia?" Aliyasema haya kila alipofika mshono wa nne, akipuliza pumzi kama anayepanda mlima.

Lakini ole wako uyaseme wewe. Mwalimu mmoja wa Karusandara alikuja kuchukua bendera ya shule, akamsikia, akacheka, akaongeza kwamba kweli milia mitatu ingetosha. Mzee alisimamisha cherehani. Alimpa yule mwalimu hotuba ndefu juu ya heshima ya alama za taifa, akimwuliza atawaambia nini watoto, na kama anadhani nchi inakatwa nusu kama mkate. Mwalimu aliomba radhi akaondoka na bendera kifuani kama amebeba mtoto. Alipopotea kwenye kona, Mzee akakaa chini, akaushika mshono wa nne. "Alidhani hatukusikia?" akasema.

Siku ya uhuru yenyewe alikuwa kijana, na alikuwa na habari mbili juu ya mahali alipokuwa. Wateja wa serikali waliambiwa kwamba alishika kamba bendera ilipopandishwa Kasese. Madereva waliambiwa kwamba alikuwa juu ya lori la chumvi akaona yote kutoka juu. Mkewe alikuwa na habari ya tatu, kwamba aliugua homa akalala siku nzima. Nilimwuliza ipi ni ya kweli. Alijibu kwamba bendera kubwa namna ile haiwezi kuonwa kutoka mahali pamoja.

Hakuruhusu mtu akalie kitambaa cha bendera, hata pembe yake. Nilipoweka kikombe cha chai juu ya mlia wa njano alikikodolea macho mpaka nikakiondoa. Hata hivyo mito yote ya nyumbani kwake ilijazwa mabaki ya bendera, na wageni walilalia rangi za taifa bila kujua. Nilimwuliza hiyo ni heshima gani. Alisema kitambaa ni kitambaa tu mpaka ndege atue. Kabla ya hapo unaweza kupigia deki. Ndege akishatua, simama.

Pale mpakani hukosi wateja wa ng'ambo, na Mzee aliwashonea Wakongomani pia. Walimtia hasara kubwa, kwa maelezo yake, walipobadilisha bendera yao akabaki na mzigo wa zile za zamani zenye nyota ndogo ndogo. Miaka ilikuwa imepita, na bado kila Mkongomani aliyeingia dukani alijaribiwa na nyota zile kwanza. Siku moja aliingia mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenye sauti ya kujaza soko, akiitaka bendera ya kuweka kwa shule ya dada yake. Mzee akamkunjulia ile ya nyota.

"Papa, hii ni ya zamani," yule mama akasema. "Sasa iko na mustari mwekundu, na nyota moja tu."

"Nyinyi mnabadilisha bendera kama mashuka."

Mama akainua macho, akaitazama ya Uganda iliyoning'inia ukutani. "Na ndege yako wewe, Papa, iko anasimama na muguu moja tangu uhuru. Hajachoka?"

Duka zima lilianguka kwa kicheko. Mzee, ambaye hakuwahi kushindwa maneno na mtu, akavuta cherehani, akamshonea mama yule bendera mpya kabla ya wote waliotangulia. Kwa miaka mingi baadaye aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni, na kila mwaka jibu la yule mama lilizidi kuwa kali.

Alifundisha bila kufundisha. Hakuniambia hata siku moja kwamba mshono wangu ni mzuri au mbaya. Aliupitishia kidole, akaendelea kuzungumza juu ya mambo mengine. Kitu pekee alichokisisitiza ni upande wa mbali na mlingoti, ule unaopigwa na upepo wa milimani. Huo aliukunja pindo nene na kuupitisha mashine tena na tena, maana bendera huanza kufa hapo. "Upepo ndiye mteja wangu," alisema. "Wale wengine wananunua tu."

Sikugundua haraka kilichokuwa kinampata. Kwanza alianza kununua satini kwa mlia mwekundu. Bendera zake zilikuwa za poplini, pamba isiyong'aa, tangu zamani, rangi zote tatu, na ghafla nyekundu ikaanza kung'aa na kuteleza katikati ya wenzake. Wateja walifurahi wakidhani ni mtindo mpya. Mimi iliniudhi, kwa sababu satini hujivuta kwa namna yake na mshono unajikunja, nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba damu lazima ing'ae. Nilimwona akigusa vitambaa kabla ya kuvichukua, akivisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na bado sikuelewa.

Halafu satini ikakosekana Kasese. Alirudi kwenye poplini, akashona bendera ya shule moja upande wa Mubuku, kule kwenye mashamba ya mpunga. Mimi sikuwapo wiki aliyoishona. Aliyeleta habari, wiki iliyofuata nikiwa dukani, ni dereva wa lori la chumvi, aliyepita barabarani karibu na shule, akashuka, akatazama juu, akapanda tena akaja moja kwa moja dukani. Alisimama mlangoni akicheka hata hawezi kusema. Bendera ilikuwa na nyekundu juu, njano, halafu nyeusi, na chini vivyo hivyo. Korongo amesimama sawasawa kati ya milia iliyopinduka. Ilikuwa imepepea siku kadhaa, mwalimu mkuu na walimu na watoto wakiisimamia kila asubuhi.

"Waliimba?" Mzee aliuliza.

"Waliimba, Mzee."

"Walisimama wima?"

"Wima kabisa."

"Basi hawakukosa bendera. Waambie waniletee hiyo, nitawapa nyingine."

Dereva aliondoka akicheka. Mkewe hakucheka. Alichukua kitambaa chekundu na cheusi, akaviweka vyote viwili mezani mbele ya mumewe. Mzee alinyoosha mkono kuvigusa, na mkewe akavivuta nyuma asivifikie. Mzee akavitazama. Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia mlangoni wote. Mimi niliuona wekundu ule ukiwaka kama pilipili.

"Nyekundu imeniacha," akasema hatimaye. "Njano bado iko. Nyeupe iko. Nyekundu imekwenda kukaa na nyeusi."

Alasiri hiyo hakuimba. Dereva yule alikuwa mtu wa vituo vingi, na kila kituo angeisimulia habari hiyo. Zilikuwa zimebaki kazi kubwa za shule na maofisi ya mpakani, na wote walimfuata yeye kwa sababu jina lake lilikuwa jina. Jina hilo likichekwa, wangekwenda kununua za kuchapwa, na kazi ya makorongo wawili ingeishia pale pale. Mzee alinieleza hayo polepole, akikunja futi yake ya kupimia. Halafu akasema anataka kazi hiyo nikae nayo mimi.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia naweza kushona bendera, siwezi kuitoa. Nyumbani Kasese nilikuwa na moja niliyoianza wakati wa jubilei na bado iko kwenye begi.

"Najua," alisema. "Watu wa ofisi wakikuachia wewe, watapandisha kamba tupu."

Mkewe akasema tusijaribu kumaliza dunia leo, tunywe chai.

Tukaanza hivi. Mimi nilichagua rangi na kukata, yeye aliunga milia nikiwa nimemwekea kwa mpangilio, na ndege nikawashona mimi. Ilikwenda vizuri kwa bendera ndogo za shule, kwa sababu yeye ndiye aliyezikunja na kuzitoa, haraka, kabla sijazigeuza. Lakini mwaka mmoja ofisi moja karibu na soko ilitaka bendera kubwa, na miguu ya Mzee ikamlaza ndani kwa majuma. Niliishona peke yangu yote. Nilifumua duara, nikalirudisha. Nilifumua taji. Korongo wa nyuma alikuwa na kidole cha mguu ulioinuliwa kilichokuwa kinene kuliko cha mwenzake wa mbele, na nikikipunguza kinakuwa chembamba kuliko hicho, na kitambaa cheupe kikaanza kutoboka kwa sindano. Karani wa ofisi alikuja, nikamwambia arudi. Alikuja tena, nikamwambia arudi. Mara ya mwisho alisema kwa upole kwamba Kampala zipo zilizo tayari.

Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta kifumulio changu. Nilipoinuka, mke wa Mzee alikuwa ameshaikunja bendera, ameitia kwenye mfuko wa karatasi, na karani amevuka barabara nayo. Kifumulio kilikuwa mfukoni mwa mke wa Mzee. "Nenda umkimbize kama unaweza," aliniambia, akakaa tena kwenye chumvi yake. Nilifika mlangoni tu. Sikumkimbiza, lakini sikupita mbele ya ofisi ile pia. Nilizunguka kwa nyuma ya soko kila nilipofika Bwera, miezi mingi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi moja ya jua kali, muongo ule ukielekea mwisho. Mzee alikuwa amepata nafuu ya miguu na hali ya macho ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Aliona mwanga na maumbo makubwa, aliona njano kama doa. Alikuwa amevaa kofia safi. Aliniambia nimpeleke akaitazame bendera ya ofisini.

Nikasema kuna jua. Akasema kofia anayo. Nikasema nina kazi ya watu. Mkewe akasema kazi ya watu atailinda yeye.

Tulikwenda taratibu, mkono wake begani kwangu. Askari wa getini alitusimamisha akauliza tunamtaka nani. Mzee akamwambia hatumtaki mtu, tumekuja kutazama juu. Afande alituangalia, akaangalia juu, akatupisha.

Upepo haukuwapo hata kidogo. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama kanga iliyoanikwa, imejikunja yote, huwezi kuona duara, huwezi kuona ndege.

"Imekaa namna gani?" Mzee aliuliza.

"Mzee, yule wa nyuma, kidole cha mguu..."

"Nimekuuliza bendera. Sijakuuliza kidole."

"Haionekani. Imelala."

Akacheka, taratibu kwanza, halafu mabega yakatingishika. Mimi nilisimama pale nikifikiria asubuhi zote nilizozunguka nyuma ya soko kuikwepa, na kitu chenyewe kilikuwa kimelala muda mwingi hivyo, hakijamwonyesha mtu lolote.

"Afande," Mzee akaita, "hii bendera unapandisha wewe?"

"Kila asubuhi, Mzee."

"Ndege wa nyuma ana kidole namna gani?"

Afande alidhani anatahiniwa, akajiweka sawa. Alifikiri. "Ana kidole?" akauliza.

Tukasubiri. Mzee alisimama ameinua uso, macho yamefumbwa, anasikiliza. Alisikia kabla sijaona. Kitambaa kilijitikisa mara moja, kikanyanyuka, kikajifungua chote juu ya paa la bati, na pindo la mbali likapiga mlio mkavu kama kofi. Nyeusi, njano, nyekundu, mara mbili, kila moja mahali pake. Duara likageuka huku na huku, na kila lilipogeuka korongo alikuwa anautazama mlingoti. Nilikitafuta kidole. Hakikutulia hata kidogo nikione.

"Haya," Mzee akasema. "Mimi sioni. Sema wewe."

Nilifungua mdomo nikaanza na duara, nikaacha. Nikaanza na taji, nikaacha. Afande naye alikuwa anasubiri, shingo ameikunja nyuma.

"Ni nzuri," nikasema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Halafu akasema kwamba shule mbili za upande wa Karusandara zimeuliza bendera, anataka zitoke kabla muhula haujafunguliwa, na nyekundu nikachague mwenyewe. Akanigeuza kwa bega kuelekea barabarani. Tuliondoka bendera ikiwa bado inapepea.